Siku ya Kikao, Mgeni Yuko Njiani: Mwongozo kwa Vikundi vya Ihanja

Siku ya kikao cha kikundi cha kuweka na kukopa, Ihanja, mkoani Singida, haihitaji kutangaziwa. Wanachama hutoka vitongojini na vitabu vyao vya hisa vimefungwa kwenye pindo la kanga au mfuko wa shati. Kisanduku cha chuma chenye kufuli tatu huwekwa katikati, watunza funguo watatu huketi mbalimbali, na mwenyekiti huita namba badala ya majina. Kila mwenye namba anaitika. Aliyechelewa anaijua faini yake kabla hajakaa.

Mara chache katika mwaka, mbele ya mabenchi hayo huongezwa kiti kimoja chenye mgongo. Ni kiti cha mgeni: ofisa wa shirika la maji, muuguzi wa mradi wa macho, mtaalamu wa mbegu za alizeti, au mfadhili aliyetoka ng'ambo akiongozana na mkalimani. Hapo ndipo vikundi vingi huyumba. Kikao cha saa moja na nusu kinakuwa cha saa nne. Hisa hazinunuliwi, marejesho yanasogezwa mbele, watu wanapiga makofi, picha zinapigwa, gari linaondoka na vumbi lake. Wiki inayofuata, ukiuliza mgeni aliahidi nini, kila mwanachama ana jibu lake.

Mwongozo huu ni wa katibu, mwenyekiti na mwanachama wa kawaida anayetaka ujio wa mgeni uache kitu. Msingi wake ni mmoja: mgeni anaingia ndani ya kikao cha wanachama, na kikao kinaendelea kuwa cha wanachama kuanzia wito wa namba ya kwanza hadi kufuli ya tatu inapofungwa. Ukarimu wa Wanyaturu haupungui kwa kufanya hivyo. Mgeni mwenye nia njema hufurahi kukuta watu wanaojua wanachokifanya.

Desturi ya kukutana kila wiki na kumsikiliza mgeni ina historia yake. Tarehe 23 Februari 1905 mwanasheria Paul Harris alikutana na wenzake watatu katika ofisi moja mjini Chicago, wakaanzisha klabu ya Rotary. Ilifika Nairobi mwaka 1930 na Dar es Salaam mwaka 1949. Wanachama wake walizoea kukutana mara moja kwa wiki, saa ileile, na kumwalika msemaji anayefanya kazi ya kusaidia jamii. Msemaji huyo kwa kawaida hupewa dakika zipatazo 20, anaulizwa maswali, anashukuriwa, kikao kinafungwa. Klabu hizo ziliwafungia wanawake mlango hadi mwishoni mwa miaka ya 1980, jambo ambalo mwanakikundi wa Ihanja ataliona la ajabu, kwa kuwa vikundi vya kuweka na kukopa vijijini mwetu vinasimama juu ya mabega ya wanawake.

Vikundi hivyo navyo vina njia yake. Mwaka 1991, katika eneo la Maradi nchini Niger, shirika la CARE lilianza kusaidia vikundi vya wanawake waweke akiba zao wenyewe na kukopeshana, bila kutegemea mtaji wa kutoka nje. Mpango huo ukasambaa Afrika, ukafika Zanzibar miongoni mwa wanavijiji wanaoishi kuzunguka msitu wa Jozani, na Tanzania Bara ukachukua sura ya VICOBA, ambapo wanachama wasiozidi 30 hugawanyika katika vikundi vidogo vya watu watano watano wanaodhaminiana. Kutoka Rotary, kikundi cha kijijini kinaweza kuazima jambo moja tu, nalo ni lile la dakika 20. Mengine yote tayari kinayo, tena mengine kinayo bora zaidi, maana fedha inayozungushwa hapa ni jasho la wanaozungusha.

Kabla mgeni hajapewa tarehe

Ombi la kutembelea kikundi mara nyingi huja kwa simu, kupitia kwa mtendaji wa kijiji au mwanachama anayemfahamu mtu mjini Singida. Jibu la kwanza la katibu liwe la heshima na liwe swali: shirika linaitwaje, limesajiliwa wapi, na mgeni anakuja kuzungumza jambo gani? Mashirika yasiyo ya kiserikali nchini yanaongozwa na Sheria Na. 24 ya mwaka 2002, na kila moja lina cheti chenye namba. Namba hiyo inaweza kuulizwa kwenye ofisi ya maendeleo ya jamii ya Halmashauri ya Wilaya ya Ikungi. Mwenye cheti hachukii kuulizwa cheti. Anayechukia ameshajibu.

Tahadhari hii ina sababu. Mwaka 2009 maelfu ya Watanzania walikuwa wameweka fedha zao katika DECI, mpango uliowaambia watu wapande mbegu kisha wavune mara kadhaa. Faida ya waliotangulia ilitoka mifukoni mwa waliofuata. Serikali iliposimamisha shughuli zake, wengi walibaki na stakabadhi mkononi. Mipango ya namna hiyo hupenda vikundi vilivyokwisha kujipanga, kwa sababu hukuta watu wamekaa pamoja, wanaaminiana na wana fedha kwenye kisanduku. Kwa hiyo kiwepo kifungu kwenye katiba ya kikundi, na kama hakipo kiongezwe: hakuna mgeni anayeruhusiwa kuomba, kukusanya wala kupokea fedha za wanachama siku ya kikao, hata kama anaziita ada ya fomu, kiingilio au mchango wa kufuatilia mradi. Shirika la hisani linalotaka fedha ya kikundi kwanza ndipo lisaidie limejiondolea lenyewe jina la hisani.

Kikundi nacho kiwe na karatasi zake. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iliviweka vikundi vya kijamii vya kuweka na kukopa katika daraja la nne la watoa huduma, na usajili wake unapitia halmashauri. Mgeni makini atauliza cheti cha usajili huo. Ni aibu ndogo lakini ya kweli kumdai mgeni usajili wakati wa kwenu umekwama tangu mwaka juzi.

Kisha tarehe. Singida ina msimu mmoja wa mvua, kwa kawaida kuanzia Novemba hadi Aprili, na kila kitu cha kikundi kinafuata kalenda hiyo. Mgeni anayetaka kuzungumzia mbegu aje Oktoba, kabla wanachama hawajanunua, tena ikiwezekana kabla ya kikundi kugawana akiba zake, ili fedha ya mgao ijue inakwenda wapi. Wa lishe na wa afya ya mtoto aje mapema mwaka, Januari hadi Machi, ghala zinapokuwa nyepesi na swali la mtoto amekula nini linaposikika vizuri zaidi. Wa masoko ya alizeti aje kabla ya mavuno, sio baada ya mlanguzi kuwa amepita na mizani yake. Na mwenye gari dogo aambiwe mapema kwamba Ihanja iko nje ya barabara kuu ya Singida na Dodoma, hivyo wakati wa masika apange safari yake kwa hali ya barabara ya siku hiyo.

Mambo manne yaandikwe kwenye ujumbe wa kumkaribisha mgeni: saa ya kufika, mada aliyoombwa kuzungumza, muda wake, na lugha itakayotumika. Ujumbe mfupi wa simu unatosha. La tano ni posho, na lizungumzwe wazi. Baadhi ya mashirika hulipa wanachama nauli au posho ya kukaa, mengine hayalipi. Kikundi kinachokutana kila wiki kwa ajili ya akiba zake hakina haja ya kulipwa kwa kukaa mahali ambapo kingekaa hata hivyo. Vikundi vilivyozoea bahasha huanza kuchagua wageni kwa unene wa bahasha, na hapo kazi ya kikundi huanza kufa taratibu.

Kisanduku kwanza, mgeni baadaye

Hili ndilo jambo ambalo viongozi wengi hulikosea kwa nia njema. Mgeni akifika, wanamwita mbele, wanampa nafasi ya kwanza kwa heshima, na shughuli ya kikundi inasubiri. Akimaliza, jua limeshasogea, mama mwenye mtoto mchanga ameondoka, mwenye ng'ombe amefuata mifugo, na waliobaki wananunua hisa kwa haraka. Haraka ndiyo mama wa makosa ya vitabu.

Njia iliyo salama ni kumwambia mgeni afike saa moja au saa moja na nusu baada ya kikao kuanza. Katika muda huo kikundi kinamaliza mambo yake kwa mpangilio wake wa siku zote: wito wa namba, wanachama kutaja kwa kumbukumbu salio la kikao kilichopita, kufungua kisanduku, mchango wa mfuko wa jamii, ununuzi wa hisa na mihuri kwenye vitabu, marejesho ya mikopo, maombi ya mikopo mipya kama ni wiki yake, kuhesabu, kutangaza salio, kufunga. Kufuli tatu zikishalia, mgeni anakaribishwa.

Kuna sababu ya usalama pia. Fedha taslimu hazihesabiwi mbele ya mtu asiye mwanachama, awe mfadhili, dereva wake, mpiga picha wake au kiongozi aliyemsindikiza. Siyo kumshuku mtu. Ni kwamba kikundi hakiwezi kujua habari hiyo itasimuliwa wapi jioni, na kisanduku kinalala nyumbani kwa mwanachama, kwenye nyumba ya kawaida yenye mlango wa kawaida. Mgeni anayetaka kuelewa mfumo aonyeshwe kitabu cha hisa kisicho na jina, aelezwe kazi ya kila ufunguo, inatosha.

Mgeni akiingia, wanaostahili shikamoo wapewe, wanaostahili kutoa watoe, na akae. Mabenchi yakipangwa nusu duara kila mmoja anamwona mwenzake, na kiti cha mgeni kiwe sehemu ya nusu duara hiyo, kisiwe nyuma ya meza mbele ya watu kama baraza la kesi. Utambulisho uwe mfupi. Hapa nchini itifaki inaweza kumeza kikao kizima: diwani anasalimia, mwenyekiti wa kijiji anasalimia, mtendaji anasalimia, mwakilishi wa chama anasalimia, na kila mmoja anakumbusha jambo moja dogo. Mwenyekiti wa kikundi anaweza kulitatua hili kabla ya siku yenyewe kwa kuwaendea viongozi na kuwaomba mmoja wao asalimie kwa niaba ya wote. Wengi hukubali wakiombwa faragha. Hukataa wakikatizwa hadharani.

Kuhusu lugha, Kiswahili kinaeleweka na karibu kila mtu, lakini wapo kina bibi na wazee ambao jambo zito hulielewa vizuri zaidi kwa Kinyaturu, na wapo wanachama ambao watauliza swali kwa Kinyaturu au hawatauliza kabisa. Mkalimani achaguliwe miongoni mwa wanachama, awe mtu anayeeleza alichokisikia bila kuongeza chake. Mgeni aombwe azungumze sentensi mbili tatu, kisha anyamaze. Anayekuja na slaidi aambiwe mapema aziache. Vitu vya kushika na kupitisha mkononi vinafundisha zaidi: mfuko wa mbegu, chupa ya dawa, kipande cha bomba, kibuyu chirizi cha kunawia mikono kilichoning'inizwa kwenye mti.

Maswali yenye meno

Dakika 20 za mgeni zikiisha, kazi yenyewe ndiyo inaanza. Kikundi kilichojiandaa kinakuwa kimechagua wiki moja kabla waulizaji watatu au wanne, na angalau wawili wao wawe wanawake na mmoja kijana. Bila maandalizi hayo, watauliza walewale wanaouliza siku zote, na nusu ya maswali yatakuwa hotuba. Kila mada ina maswali yake. Yafuatayo yana historia nyuma yake.

Akija mtu wa kisima, aulizwe maji yatapimwa nini. Singida ni kati ya mikoa ya Tanzania yenye maji ya ardhini yanayoweza kuwa na floraidi nyingi, pamoja na Arusha, Kilimanjaro, Manyara, Shinyanga na mingineyo. Floraidi ikizidi, meno ya watoto hugeuka kahawia, na kwa miaka mingi huharibu mifupa. Haina rangi wala harufu, kwa hiyo macho na ulimi havitoshi kuipima, inatakiwa maabara. Swali la pili ni nani atakayetengeneza pampu ikiharibika. Mwaka 1971 serikali ilizindua mpango wa miaka 20 wa kumfikishia kila mwanakijiji maji karibu na nyumbani, wafadhili wakachangia, visima na mitambo ikajengwa, na sehemu kubwa ya mitambo hiyo ikanyamaza kwa kukosa vipuri, mafuta na mafundi. Sera ya Maji ya mwaka 2002 ikaja na vipimo: lita 25 kwa mtu kwa siku, umbali usiozidi mita 400, kituo kimoja kwa watu 250. Tangu sheria ya maji ya mwaka 2019, maji vijijini yako chini ya Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini (RUWASA) na vyombo vya jamii vya watumia maji. Shirika linalochimba bila kuzungumza na RUWASA wilayani linawaachia wanakijiji mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa. Muulizeni mgeni alizungumza nao lini, na alizungumza na nani.

Akija mtu wa macho, swali liwe juu ya mambo manne badala ya moja. Trakoma, ambayo wengi huiita vikope, imewapofusha watu wengi katika kanda ya kati. Mapambano yake yana sehemu nne: upasuaji wa kope zilizojikunja ndani, dawa ya antibiotiki kwa jamii nzima, usafi wa uso, na mazingira yenye maji na vyoo. Miradi mingi hupenda dawa kwa sababu huhesabika kwa urahisi. Lakini utafiti uliofanyika Kongwa, katika mkoa jirani wa Dodoma, na kuchapishwa mwaka 1995, ulionyesha kwamba vijiji vilivyopata kampeni ya kunawisha watoto uso pamoja na dawa vilikuwa na watoto wengi zaidi wenye nyuso safi, na wachache zaidi wenye trakoma kali, kuliko vilivyopewa dawa pekee. Kwa hiyo: mgeni, umekuja na dawa tu, au na maji ya kunawia pia? Na aliyepangiwa upasuaji atafikaje hospitali, atarudije, na nani atamtazama akisharudi?

Mtu wa mifugo aulizwe juu ya mzao wa kwanza. Mpango wa kopa ng'ombe, lipa ng'ombe, ambao Heifer International imeueneza katika nchi nyingi ikiwemo Tanzania, unamtaka aliyepewa mtamba atoe ndama jike wa kwanza kwa familia nyingine. Ni mpango mzuri, na ugumu wake uko kwenye mambo ambayo ni rahisi kuyajua mapema: nani anaamua familia inayofuata, mtamba akifa kabla ya kuzaa inakuwaje, akizaa madume mawili mfululizo inakuwaje, majani ya kiangazi yatatoka wapi. Yakijibiwa mbele ya kikundi kizima, majirani hawatagombana miaka miwili baadaye.

Mtu wa mazao aulizwe mbegu yake imelimwa wapi, kwenye mvua kiasi gani, na udongo upi. Kongwa hiyohiyo inafundisha. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha huko mradi mkubwa wa karanga, ikaleta matrekta na mamilioni ya pauni. Udongo ulikauka ukawa mgumu kama sakafu, mvua haikufuata karatasi, na mwaka 1951 mradi ukafutwa. Wagogo walioishi pale walikuwa na habari zote za udongo na mvua ile. Shamba darasa dogo la msimu mmoja, kwenye shamba la mwanachama mmoja, lina thamani kuliko gunia la mbegu la kila mtu mwaka wa kwanza.

Kuna upande wa pili wa maswali, nao husahaulika. Kikundi kimweleze mgeni ukweli wa maisha yake, hata kama hakuulizia. Mwaka 2003 mume na mke kutoka Iowa, Marekani, Floyd Hammer na Kathy Hamilton, walifika kijiji cha Nkungi, humuhumu mkoani Singida, kwa kazi ya kukarabati hospitali. Walichokikuta ni watoto wanaokufa kwa njaa. Wakabadili mpango, wakaanzisha shirika la Outreach linalofungasha chakula kwa mikono ya watu wa kujitolea, na chakula hicho kikawafikia watoto katika nchi zaidi ya 15. Tarehe 15 Julai 2013 walipokea tuzo ya 5,000 ya Point of Light katika Ikulu ya Marekani mbele ya Rais Barack Obama na Rais mstaafu George H. W. Bush. Wangepokelewa Nkungi kwa ngoma, pilau na hotuba pekee, wangekarabati jengo na kurudi kwao. Waliona, wakasikia, wakabadilika. Kwa hiyo mgeni wa mbegu akisikia kwamba shida ya kwanza ya wanachama mwaka huu ni umbali wa zahanati kwa mjamzito, hata kama yeye hawezi kuitatua, amebeba habari hiyo kwenda mahali ambapo huenda itasikika. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Na swali la mwisho, kwa kila mgeni: mtakaa miaka mingapi? Wilayani Ikungi kuna kipimo cha swali hilo. Masista wa Medical Missionaries of Mary walianza kazi Makiungu mwaka 1954, na hospitali ya Makiungu imekuwa ikitibu watu wa eneo hili kwa miongo mingi. Mradi wa miezi 18 si dhambi, una kazi yake. Lakini kikundi kijue kabla, ili kisipange mambo ya miaka kumi juu ya kitu cha mwaka mmoja na nusu.

Picha

Karibu kila mgeni atapiga picha, na shirika lake litazitumia kuomba fedha zaidi. Mwanachama ana haki ya kukubali au kukataa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika mwaka 2023, inahusu pia sura ya mtu na habari za afya yake. Katibu aulize wazi mbele ya wote: picha zinakwenda wapi, na nani asiyetaka? Wasiotaka wakae upande mmoja bila kuhojiwa sababu. Watoto wasipigwe picha bila ridhaa ya mzazi au mlezi, na mtoto mgonjwa au aliyevaa vibaya asipigwe kabisa. Hakuna kisima chenye thamani ya kumwonyesha dunia nzima mtoto wa jirani akiwa uchi.

Chakula cha mgeni nacho kisizidi uwezo wa mfuko. Ugali wa mtama na mlenda ni mlo wa heshima Ihanja, kuku wa kienyeji akiwepo ni vizuri, na asali ya Singida haihitaji kutambulishwa. Mfuko wa jamii usiguswe kwa ajili ya mlo wa mgeni. Mfuko huo uliwekwa kwa ajili ya ugonjwa, msiba na ajali ya mwanachama.

Kitabu cha muhtasari ndicho shahidi

Mgeni akiwa bado amekaa, katibu asome kwa sauti yale aliyoyaandika. Hapa ndipo ujio wa mgeni unapopata au kupoteza maana yake yote. Katibu asome: shirika gani, mgeni mwenye cheo gani, alisema nini kwa ufupi, aliulizwa nini, alijibu nini, ameahidi nini, kwa tarehe ipi, na kikundi kimeahidi nini kwa upande wake. Mgeni apewe nafasi ya kusahihisha. Akisema "hapo sikuahidi, nilisema tutaangalia", iandikwe hivyohivyo: ataangalia, na jibu atalileta lini. Kisha mwenyekiti, katibu na mgeni waweke saini. Wageni wengi hawajawahi kusomewa maneno yao namna hiyo, na wengi huwa waangalifu zaidi tangu dakika hiyo. Mwangalifu ni bora kuliko mkarimu wa midomo.

Nakala moja ibaki kwenye kisanduku, nyingine apewe mtendaji wa kijiji, ya tatu afisa maendeleo ya jamii wa kata. Ahadi ikihusu ardhi, kama eneo la kisima, shamba la mradi au jengo, kikundi kisitie saini chochote. Ardhi ya kijiji inaongozwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, na maamuzi yake yanapitia halmashauri ya kijiji na mkutano mkuu wa kijiji. Kumpeleka mgeni huko mapema kunamwokoa yeye na kunawaokoa wanachama kuitwa wauza ardhi.

Wiki inayofuata, ajenda ya yatokanayo ianze na ukurasa huo. Katibu asome ahadi moja moja, na pembeni aandike: imetimizwa, haijatimizwa, au muda bado. Mwanachama mmoja, asiwe mwenyekiti, apewe kazi ya kumpigia mgeni simu tarehe ikipita. Simu mbili za upole, kisha barua yenye nakala kwa afisa maendeleo ya jamii. Shirika lililosajiliwa linajua uzito wa nakala hiyo.

Mgeni asiporudi, bado kuna mlango mwingine. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Anayeomba huulizwa cheti cha usajili, katiba na kumbukumbu za vikao. Kikundi cha Ihanja ambacho bado hakina cheti kimwendee afisa maendeleo ya jamii wa kata wiki hii, kabla ya kumwalika mgeni yeyote, kikiwa na katiba yake, orodha ya wanachama na kitabu cha muhtasari chenye saini.